Siku Zilizojaa Watu

Kumsalimia Katekista asubuhi ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka. Unamwambia, "Jambo, Papa," ukitegemea kuitikiwa na kupita zako. Yeye anasimamisha jembe, anafuta mikono kwenye suruali, anasema: "Jambo, mama. Leo njo ile siku mufalme wa Wabelji alianguka ku jiwe akakufa. Tena leo njo ile siku mwenye mizinga alianguka ku muti akavunjika mukono. Umeamuka muzuri?" Wewe ulikuwa unakwenda kuchota maji. Sasa una mfalme aliyekufa na mtu wa asali aliyevunjika, na mtungi bado hauna kitu.

Habari ya mfalme ilikuwa ya kweli, Padri mwenyewe aliithibitisha. Kilichotusumbua sisi watu wa milima ni sababu yake. Mwenye mizinga alipanda mti kufuata asali. Mfalme alipanda jiwe kufuata nini? Katekista aliuliza swali hilo kila mwaka, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, na kila mwaka aliwaombea wote wawili katika sala moja, bila kumtanguliza mkubwa. Mwenye mizinga alikuwa amekaa pale pale mstari wa mbele, mzima kabisa, akiitika amina.

Alikuwa katekista wa mlima wetu, juu ya Nyamitaba, upande ambao njia huanza kushuka kuelekea msitu wa Walikale. Padri alikuja mara chache kwa mwaka, amelowa kama mtu mwingine yeyote. Siku zilizobaki dini yote ilikuwa mikononi mwa Katekista: kufundisha sala, kuzika, kuamua nani alianza kumtukana nani, na kugonga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Mkewe alimwita Papa, yaani baba, nasi pia tukimsalimia. Akiwa hayupo tulimwita Katekista. Watoto walimwita Kalandari, wakiwa mbali.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila mwaka mpya Padri aliwaletea makatekista kalandari ya misioni, ambayo kila siku yake ina mtakatifu wake. Wengine waliipenda kwa ajili ya picha ya Bikira Maria juu. Huyu wetu aliisoma kama watu wanavyosoma barua ya posa. Kwanza alimshika mtakatifu wa siku. Kisha juu yake alipandisha mambo ya wakubwa aliyoyasikia kwa Padri au kwa ajenti wa serikali: vita vimekwisha, mfalme ameapa, papa wa Roma amefariki. Kisha juu ya hayo alipandisha ya kwetu: nyumba ya fulani imeungua, ng'ombe wa fulani amezaa ndama mwenye mkia mfupi, mama fulani amemrudia mumewe. Vyote alivibeba kichwani, na vyote kwake vilikuwa na uzito mmoja. Tarehe nane ya mwezi wa tano, kwa mfano, vita vya Hitler vilikwisha huko Ulaya, na ni siku ya malaika Mikaeli mwenye upanga, na ni siku ambayo nguruwe wa msituni waliingia katika mihogo ya mama yangu. Katekista alikuwa akisema hivyo kwa pumzi moja. Mama yangu alifurahi sana kuwekwa pamoja na malaika.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kufikiri alikuwa mpuuzi tu. Kwetu mapasa, watoto pacha, hawachezewi. Ukimpa mmoja ndizi, unampa na mwenzake. Ukimsalimia wa kwanza, unamsalimia na wa pili kwa jina lake, la sivyo yule uliyemruka atanuna, na pasa akinuna nyumba nzima inaumwa. Katekista aliwafukuza waganga wote wa mlima wetu, alichoma hirizi za shangazi yake mwenyewe huku shangazi akimlaani, lakini hili la mapasa hakuliacha. Alilihamishia kwenye kalandari. Mambo mawili yaliyoanguka tarehe moja, alisema, yalilala katika tumbo moja. Huwezi kushangilia hili ukaliruka lile. Basi ikiwa ni sikukuu na ni siku ambayo nyumba ya mtu iliungua, alikuwa anaimba kanisani asubuhi, na mchana anakwenda kukaa kimya penye majivu ya zamani, hata kama mwenye nyumba alikwisha kujenga nyingine nzuri zaidi na hataki kukumbushwa.

Padri alimwambia huo ni ushenzi.

"Padri," akajibu Katekista kwa heshima zote, "Petro na Paulo hawakuzaliwa siku moja, na sisi tunawapatia misa moja. Nani alianza?"

Padri akasema watalizungumza safari nyingine. Safari nyingine alizungumza habari ya mabati.

Nasimulia haya kama mtu anayecheka, kwa kuwa sasa naweza. Zamani sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimeposwa na mtoto wake wa kiume, na mtoto wa kiume alikuwa naye huyo mmoja tu. Mbuzi wa mahari walikwisha kuvuka kutoka lupango lwao kuja lwetu, kiwanja hadi kiwanja, safari fupi, maana tulikuwa majirani na katikati yetu palikuwa na uzio wa matete tu. Tangu siku hiyo Katekista aliacha kuniita kwa jina, akaniita Mukwe, na mimi nikaacha kupita mbele yake, kama inavyotakiwa. Nilimpenda yule kijana. Nasema wazi, maana nimezeeka na hakuna tena wa kumwonea haya. Alikuwa na miguu mirefu na alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kusema jambo la kuchekesha, hivyo mara nyingi hatukujua alichekea nini.

Tarehe makumi mawili na moja ya mwezi wa saba ilikuwa sikukuu ya Wabelji, siku mfalme wao wa kwanza alipoapa. Tuliteremka wote Masisi. Machifu walivaa medali zao. Palikuwa na mti mrefu uliopakwa mafuta, na juu yake nguo na sufuria kwa atakayeweza kupanda. Palikuwa na mbio za magunia. Wakati ule vita vilikuwa vimepamba moto, na pembeni ya uwanja palisimama lori la askari, hatukulitilia maanani. Kijana wetu alikimbia ndani ya gunia akawa wa pili, akapewa sabuni. Zawadi zilipokwisha kugawiwa, askari wakawaita wenye miguu mizuri upande wa lori. Aliyekuwa wa kwanza walimwacha, alikuwa na jicho moja. Wa pili walimpandisha. Lori lilipoanza kuondoka alinirushia sabuni yake, akicheka, akasema neno ambalo sikulisikia kwa sababu ya ngoma. Ningejua ningeitunza ile sabuni. Sikujua, niliifulia.

Vita vilikwisha. Waliokwenda naye wakarudi, mmoja na saa mkononi, mwingine na kikohozi. Mwenye saa alisema walikuwa pamoja Misri. Mwenye kikohozi alisema alimwona akipanda meli. Meli ya kwenda wapi? Hajui. Ofisini walisema wangeuliza, na labda waliuliza. Nilikuwa msichana, nikawa msichana mkubwa, kisha watu wakaacha kabisa kutumia neno msichana.

Padri alisema mimi ni huru, sikufungwa na ndoa yoyote. Baba yangu alisema Padri hajui mbuzi. Kwetu mchumba wa mtu aliyepotea haolewi mpaka nyumba ya mchumba ikae kilio. Kilio kikikaliwa na kuondolewa, msichana ananyolewa nywele, anaoga, anakuwa mtu wa kawaida. Kabla ya hapo ni mke wa njia, wa mtu aliye bado safarini. Na nyumba ya mchumba ilikuwa ni Katekista.

Baba alikwenda kumwomba. Shangazi zangu walikwenda. Jibu lilikuwa moja.

"Atakufa siku gani?"

Hakuuliza kwa ukaidi. Aliuliza kama fundi anayeuliza kipimo cha mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watu wote wa mlima, na kila mmoja alimpa siku yake, akamwombea kwenye siku hiyo mwaka hata mwaka. Mtu asiye na siku angemwombea lini? Angemweka pamoja na nani? Shangazi mkubwa, ambaye hakuwa na uvumilivu, alimwambia achague yoyote.

"Chagua ile ya Noeli! Chagua ya Pasaka!"

"Pasaka inatembea-tembea," akasema Katekista. "Na Noeli kuko Mutoto mwingine."

"Basi ile siku alienda!"

"Ile siku alikuwa muzima. Alikimbia na gunia. Alikuwa wa pili."

Shangazi akarudi nyumbani akasema yule mzee ana wazimu na mimi nitazeekea jikoni kwa mama. Nililia nikimenya mihogo. Nilimchukia Katekista. Nilimsikia ng'ambo ya matete akisalimia watu kwa wafalme na watakatifu wake, nikasema moyoni, huyu ana nafasi ya nguruwe wa mama yangu, lakini mimi hana nafasi yangu.

Na hapo hapo, mtu huyo alinisumbua kwa wema. Nilipoumwa homa kali alikwenda misioni kwa miguu, katika mvua, kunitafutia dawa ya kinini, na akarudi nayo ndani ya kofia. Kuni zetu zilipokosekana, tuliamka tukakuta mzigo umeegemezwa kwenye uzio. Mavuno ya kwanza ya maharagi yake yalikuja kwetu kabla hayajaingia kwake, maana mke wa mtoto njo anakula kwanza. Ningependa angekuwa mbaya tu. Ingekuwa rahisi.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopatana. Alijua siku ya kila kitu na hakujua miaka yake mwenyewe. Alipoulizwa na ajenti alijibu kwamba ni mtu mzima. Alikuwa anachelewa. Mtu mwenye siku zote kichwani, na kengele yake ililia jua likiwa limekwisha kupanda, wanawake wamekwisha kulima nusu ya shamba. Alikataza watu kutafuta siku za bahati, akawaita wapagani, lakini yeye mwenyewe hakupanda maharagi kwenye sikukuu ya watoto waliouawa na Herode. Alisema si bahati, ni adabu.

Kuna mwaka wa vita ambao kalandari haikufika. Makaratasi hayakuwapo, Padri akasema wavumilie. Katekista hakuona tatizo. Alishusha ya mwaka uliokwisha, akaifuta vumbi, akaanza tena kutoka mwezi wa kwanza. Tarehe zilikuwa zile zile, watakatifu wale wale. Kilichohama ni siku ya Mungu tu, Jumapili. Mlima mzima ukawa unalima siku ya Mungu kwa nguvu zote, na kesho yake, siku ya kwanza, Jumatatu yenu, siku ya kazi ya barabara, unavaa nguo safi na kwenda kusali. Watu wa soko walituambia tumekosea. Katekista alisema soko njo limepotea, soko halina watakatifu.

Kapita, msimamizi wa kazi ya barabara, alikuja na fimbo siku ya kwanza moja, akitafuta watu wake, akatukuta wote tumepiga magoti. Alifikiri ni maasi. Wakati ule serikali ilikuwa inaogopa sana watu wanaosali bila ruhusa, huko msituni mambo yalikuwa yamechafuka, na kapita akakimbia kumwambia ajenti kwamba Nyamitaba wameanzisha dini mpya. Ajenti akaja na askari wawili na Padri. Padri aliangalia ukuta wa kanisa kwa muda mrefu. Kisha akaishusha kalandari, akamwonyesha Katekista mwaka ulioandikwa juu, karibu na Bikira Maria.

"Tarehe hazina kosa, Padri," akasema Katekista. "Ni siku ya Mungu tu ilikosa njia."

Tulisamehewa, ila tulifanya kazi ya barabara siku zote tulizokuwa tumezisali. Hakuna aliyemkasirikia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuja kulikumbuka baadaye, nikikaa nikifikiri: kumbe anaweza kukosea siku. Kumbe siku inaweza kusogezwa, na dunia isianguke.

Hapo katikati ya miaka ya hamsini akatokea mtu wa Lushebere. Alikuwa amefiwa na mke, ana maharagi mengi na maneno machache. Aliniona sokoni, akauliza, akaambiwa habari yangu yote, hakukimbia. Alikuja kwa baba mara mbili. Mara ya pili alisema atangoja mpaka Padri apite, baada ya hapo ataoa kwingine, maana watoto wake wadogo hawana wa kuwapikia. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Na mimi nilimtaka. Nilitaka nyumba yenye moto wangu.

Padri alikuwa karibu kufika. Baba hakwenda tena kwa Katekista, alikuwa amechoka. Shangazi mkubwa alikuwa amekwisha kufa. Katekista alikuwa anamwombea tarehe sita ya mwezi wa kumi, pamoja na darubini ya ajenti iliyopotea. Basi nikaenda mwenyewe. Kwa desturi sikutakiwa, lakini desturi ilikuwa imenikalisha miaka mingi, niliona tumedaiana vya kutosha.

Ilikuwa kiangazi, mchana. Mkewe alikuwa ameshuka mtoni. Katekista alikuwa peke yake kwenye kiwanja chake, anapura maharagi kwa fimbo, na maganda yalikuwa yameganda kwenye nywele zake, ambazo zilikuwa nyeupe zote. Sikumbuki ni lini ziligeuka nyeupe. Nilisimama pembeni ya mkeka wa maharagi, sikumtazama usoni.

"Jambo, Papa."

Alisimamisha fimbo. Nilingoja mfalme, nilingoja mtakatifu. Hawakuja.

"Jambo, Mukwe. Uko mwenyewe?"

"Niko mwenyewe. Ninakuja kuomba siku."

Alielewa. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, fimbo ikiwa magotini.

"Unafikiri mi sitafuti?" akasema. "Kila asubuhi ninaamuka, ninaiangalia siku. Ninasema, labda hii. Ninaingia ndani, ninakuta kuko watu. Kuko mufalme. Kuko muke wa kapita. Kuko moto, kuko harusi. Nitamuweka wapi? Akae mulangoni? Mutoto wangu akae mulangoni ku siku ya mutu mwingine?"

"Papa, mi pia niko mulangoni."

Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mbuzi walipovuka uzio. Nilitaka kuendelea, nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, habari ya watoto wa Lushebere na ya umri wangu na ya kinini alichokileta ndani ya kofia. Yote yalikwisha.

"Yule wa Lushebere," akasema, "iko mutu muzuri?"

"Iko muzuri."

"Anacheka?"

"Hapana sana."

"Eeh," akasema. "Hiyo haina shida."

Akapangusa maganda kichwani, akainua uso kuangalia mlima wa mbele, kama afanyavyo kila asubuhi, lakini kwa muda mrefu zaidi. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anapita ndani ya siku ile, chumba kwa chumba, akitafuta nani amelala humo.

"Mukwe," akasema, "leo kulikuwa nini?"

"Leo?"

"Leo. Kwenu hakukufa mutu leo? Hakuzaliwa? Hakuna kitu kiliungua?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu, maana sikutaka kumdanganya, hata kwa ajili yangu. Sikupata kitu. Niliamka, nilifagia, nilikuja hapa.

"Hapana kitu, Papa."

"Na mi sioni kitu. Kuko mutakatifu mumoja mudogo tu, hana maneno." Akarudisha mkekani maharagi mawili yaliyoruka. "Basi njo leo."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa alipoweka fimbo chini taratibu, akafungua shati lake vifungo vyote, akaweka mikono miwili juu ya kichwa. Kisha akapiga ukelele wa kilio. Si ule wa kanisani. Ulikuwa ule wa zamani, wa watu wa msituni, ambao alikuwa ametukataza sisi wote kuupiga. Ulishuka bondeni, na majembe yaliyokuwa yanasikika huko yakanyamaza, moja baada ya jingine.

Nami, niliyekuja kuomba hicho hicho, niliyekiomba miaka yote hiyo ya maisha yangu, nilimwona tena kijana wangu juu ya lori, akirusha sabuni. Alikuwa amekufa sasa hivi. Asubuhi alikuwa bado yuko mahali fulani, na miguu yake mirefu, anacheka kabla ya wakati, na mimi ndiye niliyekuja na kumuua. Nikaanguka juu ya maharagi, nikalia kwa sauti, nikimwita kwa jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu lori lile.

Mkewe alikuja akikimbia kutoka mtoni, mtungi kichwani, maji yakimwagika mabegani. Alisimama.

"Nani amekufa?"

"Mutoto wetu," akasema Katekista.

"Lini?"

"Leo."

Mama yule alituangalia, yeye kwanza, kisha mimi pale chini. Hakuuliza ni nani aliyeleta habari.

"Umechelewa, Papa," akasema. Kisha akashusha mtungi, akafungua kitambaa cha kichwa, akaja akaketi kati yetu.